Zoezi Linapogeuka Vita: Mapigano ya Mafunzo katika Sayari za Kubuni

1. Utangulizi

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alituuliza hivi karibuni swali lililotufanya tuandike makala haya. Alikuwa amesoma kwa Kifaransa riwaya ya Mmarekani Joe Haldeman iitwayo La Guerre éternelle, akataka kuwasimulia wenzake kwa Kiswahili sura zake za mwanzo. Alipofika mahali ambapo askari wanafanya mazoezi katika sayari ya mbali, na baadhi yao wanakufa kabla hata ya kumwona adui, alikwama. «Je,» aliuliza, «niseme hayo ni mapigano, au ni zoezi tu?»

Ni swali la msamiati, lakini si la msamiati peke yake. Katika kurasa hizi tunakusudia kueleza jinsi waandishi watatu wa Marekani walivyosawiri pigano la mafunzo katika ulimwengu wa kubuni, kisha tuone sarufi ya Kiswahili inatusaidia vipi kulielewa jambo ambalo waandishi hao walilihangaikia.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba fani hii ni ngeni kabisa kwetu. Fasihi ya Kiswahili ilianza zamani kubuni vita vya mbali. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate na Mwengo wa Athumani na wenye tarehe ya mwaka 1728, unasimulia vita vikubwa baina ya Waislamu na majeshi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Lakini wanahistoria wanatuambia kwamba safari ya Tabuk ya mwaka 630 ilimalizika bila pigano kubwa kutokea. Mshairi alivijenga mwenyewe vita ambavyo historia haikuviona, katika nchi ambayo wasikilizaji wake wengi hawakupata kuikanyaga. Tofauti kati yake na waandishi wa sayari ni ya umbali wa mahali. Kazi yenyewe ni moja.

2. Waandishi watatu na makambi matatu

Wa kwanza ni Robert Heinlein. Alihitimu katika chuo cha jeshi la majini la Marekani mwaka 1929, akaachishwa kazi mwaka 1934 kwa ajili ya kifua kikuu, wala hakupigana vita vyovyote. Riwaya yake Starship Troopers ilitoka mwaka 1959. Ndani yake kijana Juan Rico anapitia mafunzo makali, anavaa vazi la chuma linalomwongezea nguvu maradufu, na anashuhudia wenzake wakifa mazoezini. Kwa Heinlein vifo hivyo ni bei inayolipwa ili raia apatikane kutoka kwa kijana. Kambi ni shule, na shule hiyo ina haki.

Wa pili ni Haldeman mwenyewe. Yeye alisomea fizikia na elimu ya nyota, akaandikishwa jeshini kwa lazima, akapelekwa Vietnam na kujeruhiwa huko. Riwaya yake ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1974, ikapata tuzo za Nebula na Hugo. Wahakiki wengi wameiona kuwa ni jibu kwa Heinlein: vazi ni lile lile, kambi ni ile ile, ila anayesimulia ni mtu aliyerudi kutoka vitani.

Wa tatu ni Orson Scott Card, ambaye mwaka 1977 alichapisha hadithi fupi iitwayo Ender's Game, akaipanua kuwa riwaya mwaka 1985. Mashujaa wake ni watoto. Ender anachukuliwa kwao akiwa na umri wa miaka sita, anapelekwa katika shule ya vita inayozunguka angani, na huko vikundi vya watoto vinashindana katika chumba kisicho na uzito.

3. Pigano la Charon

Tuchukue sasa mfano wa Haldeman kwa urefu kidogo, maana ndio uliomkwamisha mwanafunzi wetu.

Askari mia moja, wanaume hamsini na wanawake hamsini, wote wenye akili na elimu ya juu, wanaanza mafunzo yao katika jimbo la Missouri wakati wa baridi. Kisha wanapelekwa Charon, sayari ambayo mwandishi aliiweka mbali kupita Pluto. Hapa inafaa kutoa onyo kwa msomaji wa leo. Jina hilo sasa ni la mwezi wa Pluto, lakini mwezi huo uligunduliwa na James Christy mwaka 1978, yaani miaka minne baada ya riwaya kutoka. Charon ya Haldeman ni ya kubuni tupu, na haina uhusiano na mwezi huo isipokuwa jina, ambalo pande zote mbili zimelitoa katika ngano za Wagiriki: Charon ndiye mvushaji wa roho za wafu. Pluto yenyewe iliondolewa katika hesabu ya sayari kubwa mwaka 2006, ikaitwa sayari kibete.

Huko Charon baridi inakaribia sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri tuliyoizoea. Gesi tuzivutazo hapa duniani zimeganda huko kama mawe. Vazi la askari linatoa joto kupitia mapezi yaliyo mgongoni. Akianguka chali juu ya gesi iliyoganda, joto hilo linaweza kuigeuza mvuke ghafula na kusababisha mlipuko. Nguvu za vazi nazo ni hatari: mkono uliokusudia kusukuma unaweza kuvunja. Basi adui wa kwanza wa askari ni mahali alipo, na wa pili ni vazi lake mwenyewe. Mapema kabisa askari mmoja anauawa na kipande cha mwamba kilichorushwa na mlipuko wa kazi ya mafunzo.

Halafu linakuja zoezi la mwisho. Kuna ngome, kuna wanaoilinda na wanaoishambulia. Ngome ina mtambo wa leza unaojilenga wenyewe, kwa kuwa mwendo wa vita hivyo umeushinda wepesi wa jicho na mkono wa binadamu. Mtambo umepangwa usiwaue washambuliaji. Makombora yanatumwa kuijaribu ngome, nao unayalipua kama ulivyoagizwa. Lakini mabaki ya moto ya kombora lililolipuliwa karibu mno yanaipiga ngome, na walio ndani wanakufa. Hakuna aliyekusudia kuwaua, hakuna aliyekosea amri, wala hakuna adui aliyekuwapo. Waliobaki wanahesabiwa kuwa wamefuzu.

4. Sarufi inasema nini?

Turudi kwenye swali. Neno mapigano linatokana na kitenzi piga, kilichoongezewa kiambishi cha kutendana -an-. Hali ni hiyo hiyo katika makabiliano, kutoka kabiliana. Kiswahili kinadai hapa pande mbili: mimi nakupiga, nawe unanipiga. Pasipo kurudishiana hakuna mapigano. Palipo na mpigaji mmoja pana kipigo, na palipo na muuaji mmoja pana mauaji.

Tukipima Charon kwa kipimo hicho, kilichotokea ngomeni hakiwezi kuitwa mapigano, kwa sababu mtambo haukumkabili mtu. Tuliite zoezi, basi? Neno hili nalo lina mzizi wake: zoea, likaja zoeza, likaja zoezi. Zoezi ni kitu kinachomfanya mtu azoee. Swali la haki ni hili: wale askari walizoezwa nini? Hawakumzoea adui, maana hakuna aliyejua adui alivyo. Hawakuzoea silaha tu, maana hizo wangeweza kuzizoea bila kufa. Walizoezwa kuona mwenzao akifa na kuendelea na kazi. Kwa maana hiyo neno zoezi linafaa, na linafaa kwa ukali kuliko alivyodhani mwanafunzi wetu.

Ushahidi unatokea katika pigano la kwanza la kweli. Askari wanapowafikia Watauri, ambao ndio adui, sajini wao anatamka maneno ya shairi la Robert Burns, mshairi wa Uskoti wa karne ya 18. Maneno hayo yamepandwa akilini mwao hapo awali kwa njia ya usingizi wa kiini macho. Yakisikika tu, wanajaa kumbukumbu za uwongo za ukatili wa adui, nao wanaua pasipo kujizuia. Watauri hawajui hata namna ya kujitetea. Hayo ni mauaji, wala kiambishi -an- hakina nafasi pale. Mwanaisimu atatambua pia jambo la pili: J. L. Austin alitufundisha katika kitabu chake cha mwaka 1962 kwamba kusema ni kutenda, na Haldeman anatuonyesha tendo baya kupita yote ambayo usemi unaweza kulifanya.

Card anaukaza ukatili huo kwa kumdanganya shujaa wake. Ender anahamishiwa kituo cha mbali, Eros, na huko anaongoza vikosi vya merikebu za anga mbele ya kioo. Anaamini kwamba ni mitihani. Katika mtihani wa mwisho anaangamiza sayari nzima ya adui, akitumaini kwamba kwa kuvunja kanuni atafukuzwa shule. Watu wazima waliomzunguka wanalia kwa furaha. Ndipo anaambiwa kwamba vita vyote alivyoongoza vilikuwa vya kweli. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Lakini hapa mtoto hakufanya mzaha. Waliomficha neno vita wakampa neno mchezo ndio waliomfanya muuaji.

5. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya nyota. Hapa Kongo hatuwezi kusema hivyo kwa urahisi. Tangu siku za Force publique lugha ya amri jeshini ilikuwa Lingala, na hata neno la Lubumbashi la kuwataja askari, basoda, limetufikia kwa njia hiyo. Vita vya AFDL vya mwaka 1996 na 1997 vilileta sauti nyingine: wapiganaji wengi waliotoka mashariki walisema Kiswahili, na walipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997 waliingia na neno ambalo nchi nzima ililijua mara moja. Neno hilo ni kadogo.

Wanasarufi wanajua kwamba Kiswahili sanifu hudunisha kwa ki- na vi-, ilhali Kiswahili cha kwetu hutumia ka- na tu-. Ka- inaweza kuwa ya dharau, lakini mara nyingi ni ya upendo: ndivyo mama amwitavyo mtoto wake wa mwisho. Neno la nyumbani lilipewa mtoto mwenye bunduki, na kwa kuwa lilikuwa tamu, lilitusaidia tusione. Katika riwaya ya Card neno mchezo lilifanya kazi iyo hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi anayechagua kati ya mapigano, zoezi na mauaji hafanyi kazi ya kamusi tu. Anaamua kama msikilizaji wake ataona au hataona.

6. Hitimisho

Vita vya Haldeman vinadumu zaidi ya miaka elfu moja. Askari wake Mandella, kwa sababu ya mwendo wa kasi sana wa vyombo vya anga, anaishi miaka michache tu ya umri wake ndani ya karne hizo, na kila arudipo anakuta lugha na desturi zimebadilika. Mwishowe anaambiwa kwamba vita vilianza kwa uwongo, vikaendelea kwa kuwa pande mbili hazikuweza kuzungumza. Hata Ender anagundua baadaye kwamba adui aliyemwangamiza alikuwa amejaribu kumfikia, lakini hakujua njia ya maneno.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapo, nacho kina kiambishi kile kile cha kutendana: semezana. Kupigana kunataka wawili, na kusemezana kunataka wawili. Charon ilikuwa na askari mia moja waliozoezwa la kwanza, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa la pili.

Mwanafunzi wetu tulimjibu hivi: kwa tukio la ngomeni atumie zoezi, lakini asiwaache wasikilizaji wake kabla ya kuwaambia limetoka katika kitenzi gani. Kwa tukio la Watauri atumie mauaji. Neno mapigano alihifadhi kwa sura za baadaye, pale adui atakapokuwa amejifunza kurudisha.