Redio Yako Imekuwa Kiziwi? Pima Kabla ya Kuilaumu Bodi

Umechomeka HackRF One kwenye kompyuta, taa zinawaka, programu imefunguka, lakini stesheni uliyoipata vizuri wiki iliyopita leo ni kelele tupu. Usikimbilie kununua bodi nyingine. Bodi hizi ni ghali, na mara nyingi kilichokufa ni kipande kimoja kidogo, au hakuna kilichokufa kabisa. Tuipime pamoja, tukibadilisha kitu kimoja tu kila mara.

Kwanza, tafuta mawimbi ya uhakika. Chagua stesheni ya FM ya karibu, kati ya 88 na 108 MHz, na uhakikishe kwa redio ya kawaida kwamba iko hewani. Kwenye programu, zima amplifaya ya mbele, kisha weka hatua mbili nyingine za ukuzaji, LNA na VGA, kwenye desibeli 16 kila moja. Ule mwiba uliosimama katikati kabisa ya grafu usikudanganye. Unatoka kwenye bodi yenyewe, sio stesheni.

Pili, kagua kebo na antena. Fungua antena huku ukitazama grafu. Stesheni ikishuka, basi mawimbi yalikuwa yanaingia. Kama hakuna kinachobadilika, jaribu kebo na antena nyingine. Angalia pia kiunganishi: antena nyingi za Wi-Fi zina RP-SMA, ambayo inakaza vizuri kwenye soketi ya SMA ya bodi lakini haina pini ya katikati. Kwa macho imeunganishwa, kwa umeme haijaunganishwa! Ukiwa na multimita, pima kebo ikiwa imechomolewa pande zote: pini hadi pini iwe karibu na omu 0, na pini isigusane na ganda.

Tatu, mtihani wenyewe. Stesheni ikionekana, hata kwa udhaifu, washa amplifaya ya mbele bila kugusa kitu kingine. Inapaswa kupanda kwa desibeli 11 hivi, yaani nguvu mara 12 na ushee. Ikishuka au ikipotea, mgonjwa umempata. Kwa nini? Amplifaya ikizimwa, swichi ndogo hupitisha mawimbi kando yake. Ikiwashwa, mawimbi hupita ndani yake. Kama njia ya kando ni nzima na ya ndani imekufa, amplifaya imeungua. Kama njia zote mbili ni kimya na kebo ni nzima, anza kushuku soketi iliyoachia au swichi zenyewe.

Huunguaje? Mwisho wa nguvu inayoruhusiwa kuingia ni -5 dBm, kama miliwati 0.3. Redio call ya wati 5 hutoa zaidi ya mara 15,000 ya hapo. Kwa hiyo usirushe mawimbi karibu na antena ya bodi, na usiunganishe kitu kinachorusha bila atenueta, yaani kipunguza nguvu, katikati.

Na kama imeshaungua? Iache imezimwa, uendelee kusikiliza stesheni zenye nguvu. Kuibadilisha kunawezekana pia: fundi mwenye mashine ya hewa moto, kama wale wa simu, anaweza kuitoa chipu hiyo na kuweka nyingine ya aina ileile.