Ukialikwa Geneva, uende mwezi gani?

Ukifuatilia taarifa ya habari, haipiti wiki bila kusikia jina la Geneva. Mara ni mkutano wa afya, mara haki za binadamu, mara mazungumzo ya amani. Ni mji wa Uswisi ulioko kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Ziwa Léman, pale mto Rhône unapotoka ziwani kuelekea Ufaransa.

Kwa wengi wetu jina hilo huishia redioni. Hata hivyo, wapo wauguzi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wawakilishi wa jamii za wafugaji kutoka Afrika Mashariki wanaopata mwaliko wa kwenda huko. Wapo pia walioalikwa na ndugu zao. Swali la kwanza huwa ni nauli. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni mwezi wa kusafiri. Na mwezi ukikosewa, nauli ni ileile lakini safari si ileile: utakuta giza, baridi ya kuuma au hoteli zilizopanda bei.

Jibu letu kwa ufupi: kama uchaguzi ni wako, nenda Septemba. Kama si wako, ujue mapema mwezi uliopangiwa unakudai nini.

Si masika wala vuli

Kwetu mwaka huhesabiwa kwa mvua. Geneva mvua hunyesha miezi yote, kwa hiyo hakuna msimu mkavu wa kusubiri. Kinachobadilika ni joto na urefu wa mchana.

Mwezi Julai joto la mchana hufika nyuzi 26 au 27, na usiku hushuka hadi 15 hivi. Januari, mchana ni nyuzi 4 au 5, na usiku mara nyingi huwa chini ya sifuri, kiwango ambacho maji huganda.

Kwa mtu aliyezoea jua kuchomoza na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, urefu wa mchana ndio mgeni zaidi. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku. Muislamu aliyeko huko husali Magharibi wakati kwao watu wameshalala. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Mtu wa mikutano anaweza kutoka hotelini gizani na kurudi gizani.

Saa nazo hubadilishwa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, Geneva huwa nyuma ya Nairobi na Dodoma kwa saa moja. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, huwa nyuma kwa saa mbili. Kumbuka hilo unapopiga simu nyumbani.

Ziwa, milima na upepo

Ziwa Léman lina ukubwa wa kilomita za mraba 580 hivi. Mbele ya Ziwa Victoria, lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, ni dogo sana. Lakini lina kina cha mita 310, wakati Victoria lina kina cha mita 80 hivi tu. Maji mengi ya kina namna hiyo huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa. Ndiyo maana mwezi Mei jua huwaka vizuri lakini maji bado ni baridi ya kumshtua mtu, na mwezi Septemba hewa imeanza kupoa lakini ziwa bado lina joto la kiangazi.

Mji umekaa kati ya safu mbili za milima, Jura upande mmoja na Alps upande mwingine. Upepo wa baridi kutoka kaskazini-mashariki, uitwao bise, hubanwa katikati ya safu hizo na kufika Geneva ukiwa na nguvu. Nyuzi 2 zenye upepo huo huuma kuliko nyuzi 2 zilizotulia. Februari 2012 mawimbi yaliyorushwa na upepo huo yaligandia ufukweni, na magari, viti na miti vikafunikwa barafu nene.

Milima hiyo huleta jambo jingine. Kuanzia Novemba hadi Januari, hewa baridi hutuama bondeni na mawingu ya chini hufunika mji kama kifuniko cha sufuria, wakati mwingine kwa siku kadhaa mfululizo. Ukipanda mlima Salève, ulioko upande wa Ufaransa karibu kabisa na mji, unaweza kuyapita mawingu hayo na kulikuta jua linawaka.

Miezi na tabia zake

Machi na Aprili ni miezi ya kuchipua. Miti hutoa maua, lakini asubuhi bado ni baridi.

Mei na Juni kunapendeza, ila ndiyo miezi ya mikutano mikubwa. Mei hukutana Baraza la Afya Duniani, na Juni mkutano wa Shirika la Kazi Duniani. Wajumbe hutoka karibu kila nchi, vyumba hujaa na bei hupanda. Anayejilipia mwenyewe asiende bila kuweka nafasi mapema.

Julai na Agosti ni miezi ya kuogelea. Joto linaweza kuzidi kiasi: tarehe 7 Julai 2015 lilifika nyuzi 39.7, na nyumba nyingi hazina viyoyozi.

Septemba joto limepungua, mchana bado ni mrefu, ziwa halijapoa, na zabibu zinavunwa kwenye mashamba yaliyouzunguka mji. Mkulima atapata la kutazama.

Novemba hadi Februari ni miezi migumu kwa mgeni wetu. Hata ile chemchemi maarufu ya ziwani, Jet d'Eau, inayorusha maji mita 140 hewani, huzimwa upepo ukiwa mkali au baridi ikikaribia kugandisha. Aliyekwenda kupiga nayo picha anaweza kurudi bila picha.

Mwezi ukiwa si wako

Kwenye mkutano tarehe hupangwa na mwenyeji. Kazi yako ni kujiandaa.

Koti zito usilinunue huko, utalipa fedha nyingi. Masoko yetu ya mitumba, kuanzia Gikomba hadi mnada wa wilayani, yana makoti yaliyotengenezwa kwa ajili ya baridi hiyohiyo. Tafuta koti lisilopitisha upepo, sweta mbili nyepesi badala ya moja nene, soksi za sufu, glavu, kofia ya kufunika masikio, na viatu vya kufunika mguu wote.

Viza ianze mapema. Maombi ya viza ya muda mfupi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, na yanahitaji bima ya safari ya angalau Euro 30,000. Ukingoja wiki za mwisho, unaweza kuukosa mwezi mzuri uliouchagua.

Ukifika, uliza hotelini kadi ya usafiri. Wageni wa hoteli hupewa bure, nayo hutumika kwenye mabasi, tramu na boti ndogo za manjano za ziwani. Maji ya bomba ni salama kunywa, kwa hiyo beba chupa yako. Na Jumapili maduka mengi hufungwa, hivyo nunua chakula Jumamosi.

Kabla hujakubali mwaliko wowote, muulize mwenyeji mambo mawili: ni tarehe ngapi, na hoteli analipa nani? Akisema ni Juni na unajilipia, omba muda wa kutafuta chumba kwanza. Akisema ni Januari, nenda sokoni kwanza.