Kipupwe, upepo na wakimbiaji wa Kikuyu

Dodoma haina baridi ya Makete wala ya Lushoto, ila ina upepo. Mvua zikishakatika mwezi Aprili na majani yakageuka rangi ya udongo, kusi huanza kupanda kutoka Bahari ya Hindi. Hupita Mpwapwa na Kongwa, na likifika huku juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, halikuti msitu wa kulizuia. Alfajiri ya Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Kwa anayesoma takwimu hizo akiwa Ulaya, hiyo ni asubuhi ya kawaida. Kwa aliyesimama kandokando ya barabara ya Iringa akiwa amevaa bukta na fulana, huku upepo ukimpiga ubavuni na vumbi likimwingia machoni, ni baridi kamili.

Huo ndio msimu wa kukimbia. Nalisema hili nikijua kwamba watu wengi hapa Dodoma hufanya kinyume. Hujificha kipupwe kizima, kisha huanza mazoezi Oktoba, mwezi ambao jua la nyanda za kati humkausha mtu kabla hajamaliza kilomita 3. Baridi inayotufanya tuvute blanketi ndiyo hiyo hiyo inayomruhusu mkimbiaji wa ridhaa kwenda mwendo wa saa mbili bila mwili kupata joto kupita kiasi. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayochomwa huishia kuwa joto, na mwili lazima ulitoe joto hilo kwa jasho. Hewa ikiwa baridi na kavu, jasho hukauka upesi na moyo hupunguziwa mzigo. Ndiyo maana mbio ndefu za Dodoma ni za Juni, Julai na Agosti.

Kikuyu iko kusini ya katikati ya jiji. Ni kata mbili, Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, na ndipo kilipo Chuo Kikuu cha St. John's, kwenye majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo, iliyopewa jina la mtemi wa Wagogo. Hapo ndipo kundi letu la wakimbiaji linapokutana. Katika kundi kuna mwalimu wa sekondari, muuguzi, fundi magari, watumishi wawili wa serikali waliohamia Dodoma wizara zao zilipohamia, mama anayeuza vitafunwa, na vijana wa chuo ambao huonekana muhula ukiwa wazi na kupotea mitihani ikikaribia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulipwa ili akimbie. Raba nyingi ni za mtumba kutoka soko la Sabasaba, na mwenye jicho zuri la kuchagua ndiye anayetumwa.

Jua la Julai hapa huchomoza kama saa moja kasorobo, robo saa hivi baada ya Dar es Salaam, kwa kuwa tuko magharibi zaidi. Anayetakiwa kuwa ofisini saa moja na nusu hana budi kukimbia gizani, na giza hilo ndilo linalowavunja moyo wengi. Kitanda kina joto, nje kuna upepo, na hakuna kocha wa kukudai maelezo. Mtu anayejiahidi peke yake kwamba ataamka ana sababu nzuri kila siku ya kutoamka. Aliyewaahidi wenzake anajua kuwa saa kumi na moja na dakika kumi kuna mama wa vitafunwa amesimama chini ya mti akimsubiri, amejifunga kanga juu ya trakisuti, na akikosekana atapigiwa simu. Nimeona watu wenye nidhamu kubwa kazini wakishindwa kukimbia peke yao, na nimeona wavivu wa kutupwa wakimaliza nusu marathoni kwa sababu tu hawakutaka kumwacha mwenzao barabarani.

Njia yetu ya siku za wiki ni fupi. Ni Kikuyu kuelekea Mkonze na kurudi, mwendo wa taratibu, kilomita 8 au zaidi kidogo. Tukikutana na wazee wanaowahi shamba au sokoni tunawaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", nao hutujibu huku wakishangaa kuona watu wazima wanakimbia bila kufukuzwa na kitu. Jumatano tunapanda miinuko ya Chuo Kikuu cha Dodoma: kupanda kwa kukaza, kushuka kwa kutembea, kisha kurudia. Jumamosi ndiyo mbio ndefu, na hapo ndipo upepo unapokuwa na la kusema.

Kanuni ni moja. Tunaanza kwa kuukabili upepo na kurudi ukitusukuma mgongoni, na hatubadilishi hata kama njia ya upande wa pili inavutia zaidi. Ukianza kwa kusukumwa utakwenda kasi isiyo yako, utaloa jasho, kisha utageuka ukiwa umechoka na fulana mbichi huku upepo wa baridi ukikupiga kifuani kilomita zote za kurudi. Isitoshe, kusi hili huongezeka nguvu jua likishapanda na ardhi kupata joto. Saa kumi na mbili linavumilika, saa nne linabeba mabati yaliyolegea.

Katika kuukabili huo upepo hatusambai barabarani. Tunajipanga. Mmoja au wawili wanatangulia, wengine wanajibana nyuma yao, na baada ya kilomita moja aliye mbele anajitoa pembeni ili mwingine ashike nafasi yake. Faida yake ilishapimwa zamani. Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza Griffith Pugh, aliyekuwa mwanafiziolojia wa msafara wa Everest wa 1953, alichapisha vipimo vyake kuhusu mkimbiaji na upepo, na akaonyesha kwamba ukikimbia mita moja hivi nyuma ya mwenzako unaepushwa karibu asilimia 80 ya ukinzani wa hewa. Eliud Kipchoge, alipokimbia marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, alizungukwa na wasindikizaji 41 waliopokezana kwa zamu, wakijipanga mbele yake ili kumkatia hewa. Muda ule haukuingizwa kwenye rekodi za dunia, na msaada ule ulikuwa miongoni mwa sababu. Mimi hulichukulia tukio lile kwa namna yangu. Mkimbiaji bora kuliko wote wa zama zake, siku aliyotaka kufanya ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya, aliita wenzake waje wamkingie upepo. Fundi magari wetu, mwenye mabega mapana, hufanya kazi hiyo hiyo kwenye barabara ya Iringa kila Jumamosi, na muuguzi aliye nyuma yake hufika kilomita 15 akiwa bado na pumzi ya kusimulia mambo ya wodini.

Na hiyo pumzi ya kusimulia ndiyo kipimo chetu cha kasi. Wakufunzi wengi wa mbio humwambia anayeanza kwamba sehemu kubwa ya mazoezi yake iwe ya mwendo anaoweza kuongea nao bila kuhema. Sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania tulifundishwa hilo tukiwa watoto, bila kuelezwa. Mchakamchaka wa asubuhi, kiranja akiimbisha na darasa zima likiitikia kwa hatua moja, haukuwa na mwendo wa kumshinda mtu, kwani anayehema hawezi kuitikia. Wimbo ulimzuia mwenye mbio asitoke mbele na ukamvuta mnyonge asibaki nyuma. Leo makundi ya jogging kote nchini bado yanakimbia yakiimba, na wapo wakimbiaji wanaotaka kuitwa makini wanaoyaona kama utani. Mimi naona wanakosea. Kumwezesha mama wa miaka 50 asiyewahi kufanya mazoezi amalize kilomita 5 akiwa anatabasamu ni kazi kubwa, na wimbo unaifanya vizuri kuliko saa ya mkononi ya laki kadhaa.

Tunapozungumza habari za mbio nchini hapa, macho huelekea Arusha, Mbulu na Hanang, na ni haki, kwani huko kumetoka majina makubwa. Lakini nyanda hizi za kati nazo zina historia yake, na nasikitika kwamba watoto wa Dodoma hawasimuliwi. Juma Ikangaa alizaliwa Dodoma mwaka 1957. Askari huyu wa jeshi letu, mfupi wa kimo, alikuwa na desturi ya kuongoza mbio tangu mwanzo bila kumwogopa mtu. Katika marathoni ya Boston ya 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Akarudi 1989 akawa wa pili tena, na 1990 akawa wa pili kwa mara ya tatu mfululizo. Katikati ya hayo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2:08:01, muda uliobaki kuwa rekodi ya njia ile hadi 2001.

Kisha ukitoka Dodoma kwa barabara ya Bahi na Manyoni, mwendo wa kama kilomita 240, unafika Singida, mkoa wa Alphonce Simbu. Yeye ni mzaliwa wa Ikungi, na mazoezi yake ya juu ameyafanyia Arusha. Alishika nafasi ya 5 Olimpiki ya Rio 2016 na kupata shaba ya dunia London 2017, na tarehe 15 Septemba 2025 aliingia uwanjani Tokyo akikimbizana na Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili walipewa muda wa saa 2:09:48, na ilibidi picha ya mstari wa kumalizia itazamwe ili kujua nani katangulia. Simbu alishinda kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, yaani 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Sekunde moja iliyomponyoka Ikangaa kule Boston ilinijia kichwani siku ile. Kundini asubuhi iliyofuata hakuna aliyezungumza jambo jingine, na hakuna aliyekubali kukaa nyuma.

Sisi mashindano yetu ni ya ngazi nyingine. Makubwa ya msimu ni NBC Dodoma Marathon, ambayo miaka ya karibuni hufanyika mwishoni mwa Julai, kipupwe kikiwa kimekaza, na ambayo fedha zake zimekuwa zikielekezwa kwenye vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kuna kilomita 42, 21, 10 na 5. Mji mzima hubadilika. Mawaziri, wabunge, wanafunzi na waendesha bodaboda husimama kwenye mstari mmoja, kila mmoja na namba kifuani, na nyumba za wageni hujaa.

Ninachowasihi wanaojiandikisha ni wasiifanye siku hiyo kuwa ya fulana na picha. Kilomita 21 ni mwendo wa kweli. Asiyejiandaa huondoka kwa kasi ya umati, na mwili unamdai kuanzia kilomita ya 14. Miguu inakuwa mizito, mapaja yanakakamaa, jua nalo limeshapanda. Maandalizi yenyewe hayana siri. Miezi mitatu, siku nne kwa wiki, mbio ndefu ikiongezwa kidogo kidogo, na wiki ya mwisho kupunguza. Kula ugali wako wa mtama au uwele, wali, viazi, chochote tumbo lilichozoea, na usijaribu kipya asubuhi ya mbio. Maji nayo huwa mtihani wa kipupwe, maana kwenye baridi kiu haimjii mtu mapema na hewa kavu inamkausha bila yeye kuhisi. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na midomoni.

Na nendeni wawili wawili. Katika mbio zilizopita mwalimu wetu alipania kuvunja muda wake, lakini kilomita ya 17 alimkuta mama wa vitafunwa amesimama ameshika kiuno. "Mama, twende, mlima umekwisha," alimwambia. "Nenda mwanangu, mimi nitakuja." Hakwenda. Walitembea hadi meza ya maji, wakaanza tena polepole, wakaingia uwanjani pamoja. Muda wa mwalimu ulikuwa mbaya kuliko wa mwaka uliotangulia, naye hajawahi kuutaja kwa masikitiko.

Lipo jambo la kudai pia. Tangu serikali ihamie kwa kishindo na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, barabara za lami zimeongezeka kila upande, lakini nyingi zimejengwa zikimfikiria mwenye gari. Mkimbiaji wa alfajiri anabanwa kati ya mtaro na lori, na pikipiki zinapita bila taa. Wanawake wa kundi letu wanasema wazi kwamba bila kundi wasingethubutu kutoka saa hizo. Njia pana za waenda kwa miguu zenye taa, kutoka Kikuyu hadi Mkonze na kuzunguka vyuo, zingewatoa watu wengi vitandani kuliko hotuba yoyote kuhusu shinikizo la damu na kisukari. Mji ungali mchanga, nafasi ipo, na ni rahisi kuiacha sasa kuliko kuvunja majengo baadaye.

Agosti kundi linabishana kuhusu Moshi. Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maana yake maandalizi yake kwa mtu wa Dodoma yanaangukia kwenye joto la Oktoba na Novemba, kisha kwenye tope la Desemba na Januari. Watumishi wawili wanataka kilomita 42 kamili. Muuguzi ameshaomba zamu zake za Jumamosi zibadilishwe. Fundi magari anasema atakwenda akipata raba saizi 45, jambo ambalo Sabasaba si rahisi. Mama wa vitafunwa ameuliza nauli tu, na alipotajiwa akaanza kutenga fedha siku hiyo hiyo. Mbio ndefu za Septemba tumeshazipangia saa: kumi na nusu alfajiri, kwa kuwa jua likianza kuchomoza mapema na kuwaka tangu asubuhi, inabidi tuwe tumeshageuka.