Taa ya onyo ya pikipiki inapaswa kusema kweli, na kuisema kwa wakati

Miongoni mwa vyombo vya moto vinavyotumia barabara za Afrika Mashariki, pikipiki ndiyo inayotegemea zaidi macho ya watu wengine, kwa sababu mwendeshaji wake hana bodi ya chuma ya kumkinga wala mkanda wa kumshikilia, na usalama wake hutegemea kwa kiasi kikubwa kama dereva wa gari, daladala au lori amemwona, ametambua anachofanya na amepata muda wa kuchukua hatua. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni watumiaji wasio na kinga, wakiwamo watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Katika nchi ambazo bodaboda imekuwa ajira ya vijana, usafiri wa wanafunzi na, katika vijiji vingi, njia ya kumfikisha mgonjwa zahanati, namna pikipiki inavyoonekana barabarani ni suala la afya ya jamii nzima.

Taa ya onyo ya kielektroniki ni taa inayoendeshwa na saketi yenye uwezo wa kupima jambo na kuamua, tofauti na taa ya kawaida ambayo huwaka pale tu swichi inapobonyezwa. Bei ya vipuri vya kuiunda imeshuka kiasi kwamba fundi wa kawaida anaweza kuvipata Kariakoo jijini Dar es Salaam au katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kwa sababu hiyo kazi ambayo zamani ilikuwa ya viwanda vikubwa sasa imo mikononi mwa vijana wa vyuo na karakana. Uwezo huo unadai nidhamu, kwa kuwa ubora wa taa ya onyo haupimwi kwa ukali wa mwanga wake, bali kwa ukweli wa ujumbe wake, kwa wakati ujumbe huo unapofika na kwa wepesi wa dereva mwingine kuuelewa pasipo kulazimika kuufikiria.

Kwa nini pikipiki haionwi

Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alichapisha uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki zilizotokea Los Angeles, na moja ya matokeo yake makuu ilikuwa kwamba, katika ajali zilizohusisha pikipiki na gari, kisababishi kilichojitokeza zaidi ni dereva wa gari kushindwa kuiona pikipiki au kuitambua. Madereva wengi hutazama upande ambako pikipiki inatokea na bado wasiione, kwa sababu macho yamezoea kutafuta umbo pana la gari, na chombo chembamba hupotea kirahisi kati ya nguzo, miti na magari yaliyoegeshwa.

Kosa la pili ni la makadirio. Ubongo wa binadamu hupima kasi ya kitu kinachokaribia kwa kuangalia jinsi umbo lake linavyokua machoni, na kitu kidogo hudhaniwa kuwa kiko mbali au kitachelewa kufika, hata kama kinakuja kwa kasi ileile ya kitu kikubwa. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa taa moja ya mbele ni nukta tu, nayo nukta haionyeshi ukuaji wa umbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Gould na wenzake nchini Uingereza ulionyesha kuwa kuongeza taa mbili ndogo ili zifanye pembetatu pamoja na taa kuu kuliwasaidia watazamaji kukadiria vizuri zaidi kasi ya pikipiki gizani. Fundisho la utafiti huo ni kwamba mahali taa zilipopangwa panaweza kuleta manufaa ambayo nguvu ya mwanga peke yake haileti.

Hatua rahisi nazo zina ushahidi wake. Malaysia ilianza kampeni ya kuwasha taa za pikipiki mchana mwaka 1992, na uchambuzi wa Radin Umar na wenzake ulikadiria kuwa ajali zinazotokana na kutoonekana zilipungua kwa takriban asilimia 29. India nayo iliagiza kuwa pikipiki mpya kuanzia Aprili 2017 ziwe na taa ya mbele inayowaka yenyewe kila injini inapowaka, agizo ambalo lina uzito Afrika Mashariki kwa sababu pikipiki nyingi za bodaboda, kama Bajaj Boxer na TVS, asili yake ni India.

Sehemu ya sekunde inayookoa meta nne

Balbu ya zamani hutoa mwanga kwa kupasha uzi wa chuma mpaka ung’ae, na kazi hiyo huchukua takriban sekunde 0.2. Diodi itoayo mwanga, ambayo madukani hujulikana kama taa ya LED, huwaka karibu papo hapo, kwa kuwa mwanga wake hutokana na mwendo wa elektroni ndani ya kipande cha nusu-kipitishi cha umeme, si na joto. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya meta 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 0.2 ni sawa na zaidi ya meta 4, umbali unaozidi urefu wa pikipiki na unaoweza kutenganisha kusimama salama na kugonga. Kubadili balbu ya breki kwa taa ya LED iliyotengenezwa vizuri ni hatua ya kwanza ya ubunifu, hata kabla ya kufikiria sensa yoyote, yaani kipuri cha kupima.

Hata hivyo hatua hiyo ndogo ina hesabu yake. Betri ya pikipiki huitwa ya volti 12, lakini injini inapowaka na kuchaji, umeme hupanda hadi kufikia takriban volti 14.4. Diodi nyekundu tatu zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikitumia takriban volti 2, huchukua volti 6, na volti zinazobaki hubebwa na rezista, yaani kipuri kinachozuia mkondo usizidi kiasi. Fundi anayepiga hesabu kwa volti 12 na kulenga mkondo wa miliampia 20 ataweka rezista ya omu 300, na injini ikiwaka mkondo utafika miliampia 28, kiasi cha kuziunguza mapema diodi ndogo zisizohimili zaidi ya 20. Anayepiga hesabu kwa volti 14.4 ataona kuwa anahitaji angalau omu 420, atachagua ya omu 470 inayopatikana kirahisi, na taa yake itadumu.

Kupima kupungua kwa mwendo

Taa ya breki ya kawaida husema jambo moja tu: mguu au mkono umegusa breki. Mwendesha bodaboda mzoefu, hata hivyo, hupunguza mwendo mara nyingi kwa kuachia mafuta na kushusha gia, na wakati huo pikipiki hupoteza kasi huku taa ya nyuma ikiwa kimya na dereva anayefuata akiamini kuwa mwendo haujabadilika. Pengo hilo ndilo ambalo elektroniki inaweza kuliziba, kwa kutumia sensa ya mchapuko, yaani kipuri kidogo kinachopima badiliko la kasi, pamoja na kidhibiti kidogo kinachosoma kipimo hicho na kuamua kama taa iwake.

Ugumu ni kwamba sensa hiyo haiwezi peke yake kutofautisha kupungua kwa kasi na mwinamo wa barabara. Pikipiki inayoshuka kwa mwendo usiobadilika kwenye mteremko wa asilimia 10, yaani unaoshuka meta 10 kwa kila meta 100, huifanya sensa isome karibu meta 1 kwa sekunde kila sekunde, kipimo kinachofanana na cha pikipiki iliyoachiwa mafuta kwenye tambarare. Saketi isiyolijua hilo itawasha taa ya breki muda wote pikipiki inaposhuka mteremko kama wa Kitonga mkoani Iringa, na dereva anayeifuata, akishazoea kuiona ikiwaka bila sababu, ataacha kuiamini hata pale breki zitakaposhikwa kweli. Ndiyo maana mbunifu makini huongeza jairoskopu, ambayo hupima mzunguko na kusaidia kutambua mwinamo, au huweka sumaku na sensa kwenye gurudumu ili kupima kasi yenyewe, huku akikumbuka kuwa gurudumu likijifunga kwa breki kali, kipimo hicho nacho hupotosha.

Mtetemo wa injini ya silinda moja, matuta na mashimo hutikisa sensa mara nyingi kwa sekunde, na hivyo vipimo huhitaji kuchujwa kwa kuchukua wastani wa muda mfupi. Wastani wa muda mrefu mno huleta taa tulivu lakini inayochelewa, na wa muda mfupi mno huleta taa ya haraka lakini inayobabaika. Kuhusu kiwango cha kuwasha, kanuni za Umoja wa Mataifa kwa vyombo ambavyo mota ya umeme hupunguza mwendo hutoa kigezo kizuri: mpunguo unaozidi meta 1.3 kwa sekunde kila sekunde, ambao ni sawa na kupoteza karibu kilomita 5 kwa saa katika kila sekunde, lazima uwashe taa ya breki, na usiozidi meta 0.7 hauruhusiwi kuiwasha. Kigezo hicho kitazidi kuwa muhimu kadiri pikipiki za umeme zinavyoenea Kigali, Nairobi na Dar es Salaam, kwa kuwa mota zake nyingi zinaweza kupunguza mwendo pasipo breki kuguswa.

Kumetameta, rangi na sheria

Jicho la pembeni ni jepesi kutambua mabadiliko, na kwa hiyo mwanga unaometameta huvuta macho haraka kuliko unaotulia. Kwa magari, kanuni za Umoja wa Mataifa huruhusu taa za kuashiria kusimama kwa dharura zimetamete takriban mara 4 kwa sekunde, endapo gari lilikuwa likienda zaidi ya kilomita 50 kwa saa na breki zimeshikwa kwa nguvu kubwa, ilhali indiketa hutakiwa kuwaka na kuzima kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Tofauti ya mapigo hayo ina maana yake, kwani ya polepole husema chombo kinageuka na ya haraka husema kuna hatari mbele. Taa inayometameta muda wote huondoa tofauti hiyo, na ile inayopiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde inaweza kuwadhuru watu wenye aina ya kifafa inayochochewa na mwanga.

Rangi nazo ni mapatano ya dunia. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unahusisha nyekundu na nyuma ya chombo, nyeupe na mbele, na rangi ya kaharabu na indiketa, ili mtu anayeona nukta gizani ajue mara moja kama chombo kinamjia au kinamkimbia. Pikipiki iliyopambwa kwa taa za bluu, kijani na nyekundu zinazocheza mbele na nyuma huonekana sana, lakini humnyima dereva mwingine ujuzi huo, na rangi ya bluu humfanya adhani ni chombo cha polisi. Mwendeshaji anayetumia fedha zake za jasho kununua taa hizo hutafuta usalama au heshima, na anastahili kupewa kitu bora, si kulaumiwa tu.

Mzigo, abiria na maji

Taa iliyobuniwa kwa pikipiki ya maonyesho haiwezi kutosheleza pikipiki ya kazi. Gunia la mkaa, kreti za soda au koti refu la abiria huifunika taa ya nyuma kabisa, na hapo sensa bora kuliko zote haina faida. Ubunifu unaofaa mazingira haya ni taa ya pili inayoungwa kwa waya mrefu wenye plagi isiyoingiza maji, inayoweza kufungwa nyuma ya mzigo wenyewe, ikisaidiwa na reflekta, ambayo haihitaji umeme wowote kwa kuwa huurudisha mwanga wa gari kule ulikotoka. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, uliwakuta waendeshaji waliovaa mavazi ya reflekta au rangi angavu wakiwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 37, kwa hiyo elektroniki inapaswa kuongeza kinga hiyo na kamwe isichukue nafasi yake. Taa za kwenye helmeti zinavutia kwa sababu huwa juu ya mzigo, lakini hazipaswi kufungwa kwa kutoboa ganda lake, maana helmeti iliyotobolewa imepunguziwa nguvu ya kulinda kichwa.

Sharti moja linazidi mengine yote: saketi mpya ikiharibika, taa ya breki ya asili lazima iendelee kufanya kazi. Umeme wa pikipiki hupanda ghafla, waya husuguana na fremu, vumbi na maji ya mvua huingia kila penye mwanya, na kwa sababu hiyo saketi ya onyo inahitaji fyuzi yake, diodi ya kukinga miruko ya volti, kasha lililozibwa, na njia yake yenyewe ya umeme isiyokata ile ya swichi ya breki.

Kazi hii inastahili kufanywa hapa nyumbani, na kwa kipimo. Wanafunzi wa elektroniki wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA na wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam wana ujuzi wa kutosha kuunda saketi hizi, vyama vya bodaboda vina pikipiki zinazopita kila aina ya barabara na hali ya hewa, na Shirika la Viwango Tanzania pamoja na mwenzake wa Kenya yana mamlaka ya kuweka viwango. Kinachohitajika ni pande hizo kukaa pamoja kabla taa hazijafika sokoni: saketi zijaribiwe mteremkoni, kwenye mvua na chini ya mzigo, na ile inayowaka bila sababu au inayonyamaza wakati wa hatari irudishwe karakana, hata ikiwa inang’aa na bei yake ni nafuu. Mwendesha bodaboda hulipia taa yake kwa mapato ya siku, na anapaswa kuuziwa ile ambayo dereva aliye nyuma yake ataielewa na kuiamini.