Picha ya Rununu kama Shahidi: Vigango vya Wagiriama na Programu za Kusambaza Picha

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru, Mgiriama wa Kilifi, akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Aliporudi baadaye kumletea mzee nakala yake, vigango havikuwapo. Vilikuwa vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Miaka ikapita bila fununu yoyote. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Afrika uliofanyika Philadelphia, Udvardy alikiona kimoja cha vigango hivyo katika slaidi za mkusanyo wa makumbusho ya Illinois State University. Cha pili kiligunduliwa baadaye katika makumbusho ya Hampton University, jimboni Virginia. Cha kwanza kilirudishwa Kenya mwaka 2006, cha pili mwaka 2007. Mzee Kalume alikuwa amekwisha kufariki.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha ya simu ya rununu inavyoundwa, yanayoipata inapopitishwa katika programu za kusambazia picha, na kwa nini mambo hayo yana uzito katika Adu na viunga vyake, ndani ya Magarini, kaskazini mwa mto Sabaki. Hoja inayojengwa ni kwamba picha haiwi shahidi kwa uzuri wake. Huwa shahidi kwa sababu kuna mtu aliyehifadhi pamoja nayo jina, mahali na wakati. Picha ya mwaka 1985 haikuwa kazi ya sanaa. Ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na tarehe, na ilionyesha kitu kikiwa mahali pake.

Kwanza ni vyema kufafanua neno kigango, lisije likachanganywa na kigango cha parokia ya Wakatoliki. Kwa Wagiriama, kigango ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa kichwa na kutiwa nakshi za pembetatu kiwiliwilini, ambayo husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Mara nyingi marehemu mwenyewe hudai kigango chake kwa kumjia jamaa ndotoni, au kwa misiba inayoiandama familia mpaka mwaguzi aeleze chanzo chake. Kikishasimamishwa hakipaswi kung'olewa. Familia ikihama, kigango hubaki.

Desturi hiyo ya kukiacha kigango mahali pake ndiyo iliyowapa wezi mwanya. Wagiriama walivuka Sabaki na kuingia upande wa kaskazini katika karne ya 19 wakitafuta ardhi ya kulima. Mwaka 1914, baada ya upinzani unaohusishwa daima na Mekatilili wa Menza, serikali ya kikoloni iliwafukuza huko kwa nguvu, kisha wengi wakarejea miaka michache baadaye. Watu wenye historia ya kuhamahama kiasi hicho huacha nyuma maboma mengi yasiyo na mkazi. Wafanyabiashara wa sanaa walipoulizwa baadaye, walijitetea kwamba vigango walivyonunua vilikuwa vimetelekezwa. Lakini kutokuwepo kwa mlinzi si kutokuwepo kwa mwenyewe, na hakuna Mgiriama aliyehitaji kuelezwa hilo.

Sasa turejee kwenye simu. Ile iliyouzwa na kampuni ya Sharp nchini Japani mwaka 2000, mojawapo ya simu za mwanzo kuwa na kamera ndani yake, ilikuwa na pikseli 110,000 tu. Programu ya Instagram ilizinduliwa Oktoba 2010, na kabla ya kutimiza miaka miwili kampuni ya Facebook ikakubali kuinunua kwa dola bilioni moja. Katika Afrika Mashariki, hata hivyo, njia kuu ya picha imekuwa WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009. Kiswahili kiliupokea ujio huu bila kutatizika. Kitenzi kupiga, ambacho tangu zamani kilifaa kwa picha na kwa simu, kikajikuta kinafanya kazi zote mbili kwa chombo kimoja. Picha nazo hupakiwa na kupakuliwa, kama ilivyo shehena ya jahazi; ingawa mpishi naye hupakua, na pengine huyo ndiye aliye karibu zaidi na jambo lenyewe, maana kila anayepakuliwa huondoka na sehemu tu ya kilichokuwa chunguni.

Kamera ya simu ina kihisi kidogo sana, mara nyingi kisichofikia ukubwa wa ukucha. Udogo huo hufidiwa na hesabu: kidole kinapogusa kitufe, simu nyingi za kisasa hunasa picha kadhaa kwa mfululizo, zikazilinganisha na kuziunganisha kuwa moja. Kabla ya hapo simu hupima mwanga kwa kukisia kwamba mandhari yoyote, kwa wastani, ina rangi ya kijivu cha kati. Dhana hii hufanya kazi vizuri mahali pengi, lakini huvunjika katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Chumvi nyeupe chini ya jua la adhuhuri huihadaa kamera ikadhani mwanga umezidi. Huipunguza picha nzima mwangaza, na mfanyakazi aliyesimama katikati hugeuka kivuli kisicho na uso. Dawa yake si ngumu. Mpigaji huugusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, na kamera hupima mwanga wa hapo badala ya ule wa chumvi. Hali huwa nyingine kabisa Marafa, kwenye korongo la Nyari ambalo wageni huliita jikoni kwa shetani: jua linapokaribia kuzama, mwanga wake wa pembeni huzitenganisha tabaka za udongo mwekundu, wa manjano na mweupe, na hata simu ya bei nafuu hutoa picha inayoridhisha.

Suala la ngozi nyeusi ni pana kuliko chumvi. Kwa miongo mingi filamu za kamera zilisawazishwa kwa kadi zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na nyuso nyeusi zikatoka bila dalili za macho wala tabasamu. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, inayotengeneza simu za Tecno, ilijipatia soko kubwa barani Afrika kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa ni kuirekebisha kamera yake ili iione ngozi nyeusi ipasavyo. Google ilitangaza marekebisho ya aina hiyo katika simu zake mwaka 2021. Mtu akitaka kujua kwa nini jambo hili si la urembo tu, afikirie picha ya mzee wa Kigiriama iliyokusudiwa kumtambulisha, nayo haionyeshi uso wake.

Hata hivyo, sehemu ya picha yenye thamani kubwa zaidi kwa ushahidi haionekani kwa macho. Kila picha ya simu ni faili, na ndani ya faili hilo, kwa utaratibu uliowekwa nchini Japani mwaka 1995 na kujulikana kwa jina la Exif, huandikwa tarehe na saa ya kupigwa, aina ya simu, muda ambao mwanga uliruhusiwa kuingia, na, ikiwa mwenye simu ameruhusu, mahali penyewe kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Vipimo hivyo hutoka kwenye setilaiti. Hupatikana hata pale ambapo mtandao wa simu haushiki, na mahali pa wazi hukosea kwa mita chache tu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na utaratibu huu, kwani ni ule ule anaofundishwa kabla ya kwenda nyanjani. Jina la fanani, mahali, tarehe na hadhira vikikosekana, ngano iliyorekodiwa inabaki hadithi isiyo na kwao. Simu hutimiza sehemu ya kazi hiyo kimyakimya. Sehemu iliyobaki, yaani nani yumo pichani na kwa nini, haiwezi kuijua.

Picha ile ile ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, au ikiwekwa Instagram au Facebook, hubadilika. Hupunguzwa ukubwa ili isafiri kwa urahisi, na maelezo yake ya ndani huondolewa. Katika simu za Android, anayeipokea kwa WhatsApp huona faili ambalo jina lake lina tarehe ndani yake, akadhani ndiyo tarehe ya tukio, kumbe ni ya kutumwa. Picha ya mafuriko ya Sabaki ya mwaka fulani inaweza hivyo kuzunguka makundi ya Malindi kama ya jana, bila yeyote kuwa amekusudia kudanganya. Anayetaka picha ifike na maelezo yake hana budi kuituma kama hati, si kama picha.

Hapa ndipo penye utata ambao watetezi wa teknolojia na wanaoilaumu huupitia kwa haraka. Kuondolewa kwa maelezo hayo ni hasara kwa ushahidi, lakini pia ni kinga. Kigango kilichopigwa picha katika boma lisilo na mkazi, kikasambazwa pamoja na vipimo vya mahali, ni ramani aliyochorewa mwizi. Taarifa ile ile ambayo ingemwezesha mwenye mali kudai haki yake mbele ya makumbusho ya ng'ambo ndiyo inayoweza kumfikisha mnunuzi mlangoni. Kwa maoni ya makala haya, haifai kuchagua upande mmoja. Kilicho bora ni kuzitenganisha nakala mbili: nakala asilia, ikiwa na maelezo yote, ihifadhiwe na familia, katika kadi ya kumbukumbu na mahali pa pili mbali na simu yenyewe, kwa kuwa simu huibwa na huharibika, inayosambazwa, kama kuna haja ya kuisambaza, iwe ile iliyovuliwa maelezo, bila jina la kijiji chini yake. Familia inayopiga picha kwa ajili ya kumbukumbu ingefaa pia kukipiga kigango kwa ukaribu, nyufa zake na nakshi zake, kisha kikiwa na mlima au mbuyu nyuma yake, na mwisho mzee wa boma akiwa kando yake. Picha ya Udvardy ilikuwa na hilo la mwisho, na hilo lilitosha.

Ruhusa nayo haipaswi kudharauliwa. Kigango ni makao ya koma, na kukipiga picha bila kauli ya wazee ni kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Sheria za Kenya zimekaribia msimamo huo kutoka upande wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa data yake binafsi, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ipo pia sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Mtafiti anayekwenda Adu na simu mfukoni anafungwa na hizi zote, hata kama anachokusanya ni methali tu.

Haja ya picha zenye maelezo imedhihirika zaidi kadiri vigango vinavyorudi. Utafiti wa Udvardy na Linda Giles ulionyesha kwamba mamia ya vigango yalikuwa katika makumbusho 19 ya Marekani. Makumbusho ya Denver yalitangaza mwaka 2014 kuvirudisha 30, na Illinois State Museum ikarudisha 37 mwaka 2023. Idadi hizi zinafurahisha mpaka linapoulizwa swali ambalo familia ya Mwakiru iliweza kulijibu: hiki ni cha boma lipi? Wanunuzi hawakuandika. Mchongaji hakutia jina la marehemu kwenye mti, kwa kuwa waliokuwapo walimjua. Kwa vingi vya vigango hivyo hakuna picha iliyopigwa kabla havijang'olewa; vimefika Kenya, vimepokewa na Makumbusho ya Taifa, na havijafika nyumbani.