Usiitupe kompyuta hiyo kuukuu!

MSOMAJI, hebu panda kiti utazame juu ya kabati la nguo. Yamkini hapo, chini ya vumbi na magazeti ya kale, pamelala kipakatalishi ambacho hakuna anayekigusa tena. Ukikiwasha, unaweza kuteleka chai, ukainywa na kuosha kikombe, nacho bado kinazungusha kiduara chake tu.

Cha nyumbani kwa dada yangu kilinunuliwa na marehemu shemeji mwaka wa 2010. Kumbukumbu yake, ile iitwayo RAM, ni GB 2 pekee. Kilikuja na Windows 7, ambayo wenyewe waliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Shemeji alipotutoka, kikafungiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Kisha mpwa wangu akajiunga na chuo, na huko kila kazi ya mwalimu sharti ipigwe chapa. Kila wiki ilikuwa ni pesa za saiba. Tukampelekea fundi mmoja mjini. Alikitazama kidogo tu, akasema hicho ni cha vipuri, na akawa tayari kutupa Sh1,500. Dada alikataa katakata.

Simlaumu fundi huyo sana. Kwa upande wa Windows alisema kweli, kwani Windows 11 hudai RAM isiyopungua GB 4, nayo Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Ila alisahau kutuambia kwamba Windows si mfumo pekee duniani.

Mnamo mwaka wa 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo ambao leo tunauita Linux. Ni wa bure, na yeyote anaweza kuufungua akaurekebisha. Ikiwa simu yako ni ya Android, basi unautumia kila siku bila kujua, kwa sababu kiini ni hicho hicho.

Ajabu ni kwamba Linux ina aina nyingi mno, na baadhi ni nzito vilevile. Zilizoundwa makusudi kwa mashine dhaifu ni kama Lubuntu, Puppy na antiX. Sisi tulichagua antiX.

Ili uelewe tofauti, fikiria RAM kuwa ni meza ya jikoni na diski kuwa ghala. Mpishi mwenye meza ndogo hulazimika kurudisha sufuria ghalani kila anapotaka kukata kitunguu. Mifumo mikubwa huijaza meza hiyo kabla hujaagiza chochote. antiX ikiwa imetulia hutumia chini ya nusu ya GB, nafasi inayobaki ni yako.

Kabla ya kupakua, chunguza kama kichakataji chako ni cha biti 32 au 64. Jambo hili si dogo. Mifumo mingi imewatupa mkono wenye biti 32. Debian, ambayo ndiyo mama wa antiX na nyinginezo, haikutoa tena kifaa cha kuiweka kwenye mashine hizo ilipofikia toleo la 13 mwaka wa 2025. Ikiwa yako ni ya aina hiyo, antiX 23 bado ina toleo lake. Cha shemeji kilikuwa cha biti 64, tukashukuru.

Faili yenyewe inakaribia GB 2, kwa hivyo tafuta mahali penye Wi-Fi usije ukamaliza bando. Kisha kwa kompyuta ya rafiki, tumia programu ya bure iitwayo Rufus kuiandika kwenye flashi. Usiinakili tu kama unavyonakili wimbo, haitawaka. Aidha, Rufus hufuta kila kilichomo kwenye flashi hiyo.

Ichomeke flashi, washa mashine huku ukibonyeza F12, F2 au Esc, kutegemea mtengenezaji, kisha uchague kuwasha kutoka USB. Hapa ndipo Linux inaponifurahisha, maana mfumo mzima unafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu sauti, kibodi na Wi-Fi kwanza. Wi-Fi yetu haikuonekana kabisa. Vifaa vingine vya Wi-Fi huhitaji programu ya ziada, basi tuliunganisha simu kwa waya wa USB tukaipata.

Nilikuwa nimefungua kiwekaji, nimefika pale kinapouliza kama kitumie diski yote, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe, mpwa wangu aliponishika mkono.

“Mjomba, na picha za baba?”

Msomaji, nilitokwa na jasho. Kutumia diski yote maana yake ni kufuta kila kitu. Mimi niliyejidai mjuzi sikuwa hata nimeuliza ndani mna nini.

Tulifunga kiwekaji. Kwa kuwa mfumo ulikuwa ukiendeshwa kutoka kwenye flashi, tuliweza kufungua diski ya zamani na kupekua folda za shemeji. Picha zilikuwepo: harusi yao, mpwa wangu akiwa na sare yake ya kwanza ya shule, shemeji akiwa amebeba jogoo kwa miguu huku akicheka. Zilikuwa GB 9. Tuliazima flashi ya pili kwa jirani, tukazinakili kwa karibu nusu saa. Nikazihakikisha kwa kuzifungua kwenye kompyuta nyingine, moja baada ya nyingine. Ndipo tukarudi kwa kile kitufe.

Kazi iliyosalia ilichukua muda mfupi: kuchagua lugha, saa za Nairobi, jina na neno la siri. Kubali pia kiwekaji kitenge nafasi ya akiba kwenye diski, iitwayo swapu, maana RAM ikijaa huko ndiko mashine inakokimbilia.

Usitarajie miujiza. Kinachokula RAM siku hizi ni kivinjari, si mfumo. Mpwa wangu hufungua kurasa mbili au tatu, akizidisha anaona. Insha huandika kwa LibreOffice, ambayo huja pamoja na antiX na hufungua faili za Word, ingawa mpangilio huteleza mara nyingine. Kwa hivyo humtumia mwalimu nakala ya PDF. Betri imekufa, na stima za kwetu unazijua, basi huhifadhi kazi kila aya.

Akipata pesa kidogo, nimemshauri aanze na diski ya SSD, hata ya GB 120, halafu RAM. Ila aende na ile ya zamani mkononi, kwa kuwa DDR2 haiingii mahali pa DDR3.

Kwa sasa zamu ya kompyuta ni ngumu kuipata. Jumapili iliyopita nilimkuta dada ameketi mbele yake, miwani puani, akichagua picha kumi za kupeleka studio zikasafishwe.