Mume Ametoroka, Deni Limebaki: Nani Alipe?

Kila baada ya siku ya mshahara matawi yetu hupokea wageni wa aina moja. Huja mama mwenye mtoto mgongoni, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Mumewe alikuwa fundi kiwandani au mkata miwa shambani. Siku moja aliaga kwamba anakwenda mazishini kwao, naye hakurudi. Simu imezimwa. Wiki ya pili mwenye duka alikuja na daftari. Wiki ya tatu walikuja wadhamini wa mkopo, watu waliokuwa wakila naye sahani moja. Mama huyo anatuuliza swali moja tu: "Je, mimi ndiye wa kulipa?"

Katika ukurasa huu wa nchi jirani tunaeleza mambo yalivyo Kenya na Tanzania, kwa kuwa ndugu zetu wengi wa Uganda huvuka mpaka kutafuta kazi, na wengine huoa na kuolewa huko. Tunasema "mume" kwa sababu ndiyo kesi tunayoiona zaidi, lakini mke naye hutoroka, na mengi ya haya yanamhusu mume aliyeachwa vilevile.

DENI LINA JINA

Jambo la kwanza kushika ni hili: deni ni mapatano baina ya aliyekopesha na aliyekopa. Ndoa peke yake haimgeuzi mke kuwa mkopaji. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali, kufanya mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Basi mali yake ni yake, na deni aliloliandika yeye ni lake.

Kenya ina jambo la kuangaliwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba deni lililoingiwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hiyo hubebwa na wote wawili sawasawa. Karo ya watoto na mabati ya nyumba yaweza kuingia hapo. Pombe, kamari na nyumba ndogo haziingii. Kwa hiyo swali la kumwuliza mdai si "nani alikopa?" tu, bali pia "fedha zilikwenda wapi?" Na mdai atoe maandishi.

DAFTARI LA DUKA

Deni la unga, sukari na sabuni huwa ndilo la kwanza kubisha hodi. Tanzania, sheria hiyo ya 1971 huchukulia kwamba mke ana idhini ya kukopa mahitaji ya lazima, yake na ya watoto, kwa jina la mumewe. Mume aweza kulipinga hilo mahakamani, lakini mpaka apinge, mwenye duka ana haki ya kumdai yeye.

Hata hivyo tuseme kweli: mama atahitaji duka lile kesho. Twashauri akae na mwenye duka, wasome daftari ukurasa kwa ukurasa, watenge aliyoyachukua mwenyewe na aliyoyachukua mume. Ya kwake apange kuyalipa kidogo kidogo. Ya mume yaandikwe kando kwa jina la mume. Na kila alipalo apewe stakabadhi.

MKOPO WA CHAMA CHA AKIBA NA MIKOPO

Hapa ndipo urafiki wa kazini huvunjika. Mfanyakazi amekopa, mkopo ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara, sasa hayupo. Kwa kawaida chama huanza na akiba ya mkopaji mwenyewe. Kinachobaki hugawiwa wadhamini. Mke hayumo humo, isipokuwa kama naye alitia sahihi ya udhamini. Wadhamini wanaomwendea nyumbani usiku wanabisha mlango usio wao.

Lakini wadhamini nao ni wafanyakazi wenzetu, nao wanaumia. Waende kwa katibu wa tawi wakaulize mambo matatu. Akiba yote ya mtoro imekwisha kuhesabiwa? Haki zake za mwisho kazini, yaani siku alizofanya na likizo aliyokuwa akidai, zimehesabiwa? Na makato yao wenyewe yamezidi mpaka? Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mdhamini anayepeleka nyumbani pungufu ya theluthi moja asinyamaze.

NYUMBA NA SHAMBA LILILOWEKWA REHANI

Wengine hugundua kwamba shamba wanalolima limewekwa rehani benki. Wasikate tamaa upesi. Tanzania na Kenya, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mwenzi, kama ilivyo kwetu Uganda kwa Sheria ya Rehani ya mwaka 2009. Kama mama hakutia sahihi, au sahihi iliyopo si yake, aende mahakamani mapema, kabla ya siku ya mnada. Baada ya nyundo kugonga kazi huwa ngumu mara kumi.

MIKOPO YA SIMU

Hili ni deni geni ambalo wazee wetu hawakulijua. Mume huchukua kitambulisho cha mkewe, husajili laini, kisha hukopa. Mbele ya mkopeshaji jina ni la mke. Mama akigundua hivyo aripoti polisi, apate namba ya taarifa, kisha amwandikie mkopeshaji na kampuni ya simu. Akikaa kimya aweza kuhesabiwa kuwa alikubali.

Na kama laini ni ya mume, mke hana deni. Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kutisha, kutukana, au kuwapigia watu waliomo katika orodha ya simu ya mkopaji. Ujumbe wa matusi usifutwe. Huo ni ushahidi.

DALALI AKIJA MLANGONI

Mdai hana ruhusa kujichukulia kitanda wala cherehani kwa nguvu zake. Kwanza ashinde kesi, kisha mahakama itoe hati. Dalali akija, mama aombe kuiona hati hiyo na kibali cha udalali, asome jina lililoandikwa. Sheria za Kenya na Tanzania zinalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia na vitanda vya familia ya mdaiwa, havikamatwi. Na kama cherehani ilinunuliwa na mama kwa fedha zake, apeleke pingamizi mahakamani akionyesha risiti au mashahidi. Ndiyo sababu tunawahimiza kina mama kutunza risiti kwa jina lao.

USITIE SAHIHI KWA MACHOZI

Kosa kubwa tunaloliona ni hili. Mama, kwa aibu na hofu, mbele ya majirani, anatia dole gumba kwenye karatasi isemayo "nitalipa mimi." Siku hiyo deni ambalo halikuwa lake linapata mlango wa kuingilia. Sheria ya Mikataba ya Kenya inasema ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haishtakiwi isipokuwa iwe imeandikwa na kutiwa sahihi. Yaani kalamu yake ndiyo mdai anayoitafuta. Popote ulipo, dada, usiahidi na usitie sahihi siku hiyohiyo. Sema: "Nipe nakala, nitaipeleka kwa katibu wa chama." Mdai wa haki hatakataa.

ALIYETOROKA HAJAACHA WAJIBU

Kutoroka hakumwondolei mtu ubaba. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaruhusu mahakama kumwamuru aliyemtelekeza mwenzi wake amlipe matunzo. Kuhusu watoto ipo Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009. Mama aanze kwa ofisa wa watoto au wa ustawi wa jamii wa wilaya, akiwa na vyeti vya kuzaliwa na cheti au mashahidi wa ndoa. Mara nyingi mtoro hakuenda mbali. Yuko shamba jingine la chai, anachuma kwa jina lilelile. Hapo matawi yakipashana habari, mahakama yaweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ikatwe.

KAZI YA TAWI

Jambo la mwisho ni nyumba ya kampuni. Ikiwa nyumba ilitolewa kwa kazi ya mume, familia yaweza kuamriwa kutoka mara jina lake linapofutwa. Tawi lisisubiri vitu vitupwe nje. Liende kwa meneja siku ya kwanza, liombe muda mpaka watoto wamalize muhula, na kama mama naye ni mfanyakazi wa shamba hilo, liombe nyumba iandikwe kwa jina lake. Tena katika mapatano yajayo ya mishahara na masharti ya kazi, viongozi waliingize jambo hili liwe kifungu, lisibaki fadhila ya meneja.

Ndugu wafanyakazi, mwenzetu akifiwa hatuulizwi mara mbili, tunachanga. Aliyetorokwa naye amefikwa na msiba, ila hakuna jeneza, na badala ya rambirambi hupewa masengenyo. Tusimcheke. Tumsindikize ofisini, tumsomee karatasi yake, tukae naye dalali anapokuja. Mtu mmoja mbele ya mdai hutetemeka. Watu watano huomba kuona hati.

Umoja ni nguvu.